Benchi la Doto Chini ya Ngome

Jumatatu, 1 Septemba. Shinyanga

Mwangaluka, Bwana wangu. Habari za kuamka? U mzima? Najua Wewe huugui, ila mimi sikulelewa kuanza maneno bila salamu, hata na Wewe, hata humu ambamo hasomi mtu. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linasumbua kidogo.

Michembe imekauka vizuri. Nimeigeuza juani asubuhi, nimefukuza kuku, nimeigeuza tena. Viazi vya mwaka huu ni vitamu. Nachagua vipande vyeupe tu, maana ni vya kupeleka Uingereza. Nikiandika neno hilo mkono unacheka wenyewe. Mimi, darasa la saba, Mama Kulwa wa michembe na karanga sokoni.

Kanisa letu lina urafiki na kanisa dogo la huko, la mji ulio ubavuni mwa kilima, wenye ngome ya wafalme wa kale. Wametualika akina mama wawili. Mwalimu Rebeka kwa sababu ya Kiingereza chake. Wa pili alikuwa mwenyekiti wetu, Mama Eliza, lakini presha ilimpanda tangu mwezi wa tano na daktari akamkataza ndege. Mchungaji akasema basi aende msaidizi wake. Msaidizi ni mimi.

Baba Kulwa anasema nimletee jiwe moja la hiyo ngome, azuilie mlango wa zizi.

Alhamisi, 4 Septemba

Rebeka alipita jioni. Hakukaa. Anasema baridi ya kule inaingia mifupani, kilima ni kikali, goti langu halitaweza, nifikirie tena. Nikamwambia, "Mwalimu, visa imeshagongwa. Unataka nibaki nayo niitazame?" Hakucheka. Rebeka ni mtu wa kucheka.

Labda anaogopa nitamtia aibu. Nazungumza kwa sauti, nakula kwa mkono. Imeniuma.

Ila siwezi kumwekea kinyongo. Naandika sababu ili nisisahau. Mwaka ule wa mvua nyingi, mwanangu Doto alipofukiwa kwenye duara kule porini upande wa Katoro, ni Rebeka aliyelala nami mkekani. Duara, shimo lile la wachimbaji wadogo. Maji yaliingia, udongo ukashuka juu yao, wakatuambia hakuna wa kutolewa tena. Mwili hatukupata. Kaburi hatuna. Waombolezaji walirudi makwao, Rebeka akabaki. Nilimsimulia habari zote za Doto, kutwa nzima, naye akisikiliza kama mwanafunzi. Alivyopiga mluzi akioga. Alivyoogopa giza, yeye huyo aliyekwenda kufia gizani. Alivyopenda michembe ya kuchemsha na karanga, akimaliza ya kwake na kuingia kwenye sahani ya pacha wake.

Mtu aliyekaa nawe hapo humhesabii makosa.

Jumapili, 7 Septemba. Safarini

Basi hadi Mwanza. Ndege. Ndege nyingine. Tena nyingine. Nimesali kila zilipopaa, na zilipotua nimesali zaidi. Rebeka amelala njia nzima, au amefumba macho tu.

Jumatatu, 8 Septemba

Tumefika. Mji wenyewe mdogo, Katoro ingeumeza ikabaki na njaa. Nyumba za mawe zimepandana kilimani kama mbuzi wanaokwepa maji. Barabara zinapanda mpaka unatafuta pa kushika. Kimya. Hakuna anayemwita mwenzake kwa sauti. Juu kabisa ngome, imebomoka nusu, imesimama kama gego bovu.

Tumefikia kwa Bi Margaret. Alikuja Shinyanga na wageni wa kanisa miaka kadhaa nyuma. Nilimpikia wakati ule, ila nilikuwa jikoni, hanikumbuki. Mrefu, mzee, mikono yake ni ya mtu wa bustani. Alimkumbatia Rebeka mlangoni muda mrefu sana. Mimi alinipa mikono yote miwili akaniita Anti. Nimeona ni heshima.

Nikawachemshia michembe na karanga jikoni kwake. Bi Margaret akaonja, akamwuliza Rebeka kitu, Rebeka akajibu kwa sauti ya chini. Yule bibi akaweka kijiko, akamshika Rebeka shavu. Nikasikia wazi: Doto.

Nililia kwa furaha. Kumbe Rebeka amemtangaza mwanangu mpaka huku. Nimembariki leo kwa jina lake, Bwana, umesikia.

Jumanne, 9 Septemba

Chai na akina mama wa kanisa. Keki ya aina tatu. Wote wanamwita Rebeka "Mama Doto."

Nilicheka. Nikajua wametuchanganya, kama sisi tunavyowachanganya wao. Nikamwambia Rebeka, "Warekebishe basi." Akasema, "Waache, ni wazee, watasahau."

Jina lenyewe limenigusa. Mapacha wangu, Kulwa alitangulia, Doto akafuata, na mama huitwa kwa aliyetangulia. Doto alikuwa akinilalamikia: "Mayu, mimi jina langu umelitupa wapi? Mbona hakuna anayekuita Mama Doto?" Nikimjibu, "Ungeharakisha kutoka." Akinuna, kisha anacheka.

Jioni nimeona picha yake sebuleni kwa Bi Margaret. Kwenye rafu, ndani ya fremu, kando ya picha ya mwanawe aliyekufa kwa pikipiki. Doto na shati lake la bluu. Picha hiyo nilimpa Rebeka tuiombee. Sikujua ilisafiri.

Ni upendo, nikasema. Nimelisema mara nyingi, kama mtu anayejishawishi.

Jumatano, 10 Septemba

Ngomeni. Nataka kuandika kwa utaratibu.

Ndani hakuna paa. Kuta, majani, na kunguru wadogo wenye shingo za kijivu wanagombana juu ya mawe. Chini unaona mashamba mpaka macho yanachoka. Nilimwambia Rebeka, "Mfalme gani huyu aliyejenga akashindwa kuezeka?" Tukacheka. Mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani.

Kisha wakatupeleka kisimani. Katikati ya ua, shimo la mviringo, limefunikwa kwa nondo. Mzee wa kanisa aliyetuongoza akaangusha kokoto. Tukasubiri. Tukasubiri sana. Rebeka akatafsiri: hapa watu walichimba kwa mikono, wakishushwa kwa kamba mmoja mmoja, hadi wakakuta maji.

Nilishika nondo nikaona giza lile, ikanijia harufu ya udongo mbichi. Nikasema, "Doto."

Akina mama wote wakakimbia. Wakanipita. Wakamzunguka Rebeka. Huyu kampa kitambaa, yule kamfunga skafu yake mwenyewe shingoni. Bi Margaret alimkumbatia kichwa. Mama Doto, Mama Doto. Na Rebeka alikuwa analia kweli.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe. Bibi mmoja alikuja akanipa maji ya chupa, kwa adabu, kama unavyompa aliyemsindikiza mfiwa.

Aliyemsindikiza mfiwa. Nimeandika hivyo, sasa nakisoma nilichoandika.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilipanda kilima peke yangu asubuhi. Nilitaka kusali nje ya nyumba ile.

Chini ya ukuta wa ngome kuna njia, na kandokando yake mabenchi yenye vibao vidogo vya shaba. Rebeka alinieleza juzi: kwao mtu akifa, ndugu zake humwekea benchi mahali penye kupendeza, wapita njia wakae wapumzike. Nikasema ni desturi ya watu wenye moyo.

Moja ni jipya. Mbao bado zinanukia. Limefungwa utepe, kama linangoja kukatiwa. Nikainama.

Doto. Shinyanga. Chini yake mstari wa Kiingereza. Neno lao la mwana nalijua, kwenye nyimbo halikosekani. Baada ya neno hilo, jina: Rebeka.

Nimesoma kwa kidole. Nimerudia, nikidhani kidole kimeruka mstari.

Mwanangu hana kaburi. Dunia nzima jina lake halikuandikwa popote kwenye kitu kigumu. Limeandikwa hapa tu, na ameandikiwa mama mwingine.

Nimeibiwa. Sina neno jingine.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimesema nina homa. Bi Margaret analeta supu. Ananipapasa mkono, ananiita Anti. Sasa najua ni anti gani: mama mdogo wa Doto. Ndivyo nilivyotambulishwa.

Kulwa amepiga simu ya video kutoka Katoro. Sikupokea. Uso wake ni ule ule wa kwenye rafu. Walipokuwa wadogo hata baba yao aliwatambua kwa kovu la Doto la kidevuni, na ndevu zilipoota kovu likapotea. Mtu akimwona Kulwa katika nyumba hii, kila kitu kitamwagika. Na mimi, Bwana nisamehe, ndiye ninayeficha. Aliyeibiwa anamfichia mwizi. Kwa nini? Sijui. Ninaogopa tu.

Kutafuta wa kumwambia siwezi. Maneno yangu yote katika mji huu yanapita kinywani mwa Rebeka.

Jumamosi, 13 Septemba

Mvua ilitukuta njiani kutoka dukani. Tukajibanza chini ya lango la ngome, mimi na yeye tu.

Nikamwuliza, "Mwalimu, Doto ni mtoto wa nani?"

Alitazama mvua. "Wako."

"Mbona kaandikwa wako?"

Yakamtoka yote kwa mkupuo. Wageni walipokuja Shinyanga, Bi Margaret alimwuliza ana watoto wangapi. Swali hilo alikwisha kulichoka. Kwa ajili ya swali hilo mumewe alimrudisha kwao Upare. Na Bi Margaret alikuwa ametoka kuzika mwanawe. Rebeka akajibu kwamba alikuwa naye mmoja, akafukiwa mgodini.

"Lilinitoka tu, Mama Kulwa. Halafu akanishika mkono. Hakuna mtu aliyewahi kunishika mkono namna ile."

"Mimi sikukushika?"

"Wewe nilikushika mimi."

Hilo lilinikaa. Ni kweli, na si haki.

"Ungetunga wa kwako," nikasema. "Petro. Juma. Majina yapo."

"Petro nisingemjua. Doto nilimjua. Ulinipa mwenyewe, kipande kwa kipande." Akafuta uso kwa kanga. "Na Mama Doto hakuna anayeitwa. Wewe unaitwa kwa Kulwa. Lile jina lilikuwa limekaa tu."

"Lilikuwa limekaa kwangu."

Akasema kesho wanazindua benchi, kanisa zima litapanda. Wakijua, watalitoa. Akasema, "Utamfukua."

Sijui alikuwa ananionya au ananitisha. Nilitembea mvuani mpaka nyumbani, goti likipiga kelele.

Nimewafikiria wale wanawake wawili waliogombea mtoto mbele ya mfalme. Wao mtoto wao alikuwa hai.

Leo ninamchukia. Nimeandika, likae.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada tukapanda wote, hata wenye fimbo. Upepo ulitaka kutuvua vitambaa. Waliimba. Bi Margaret akakata utepe kwa mkasi wa bustani. Rebeka akasema maneno machache kwa Kiingereza akitazama viatu vyake.

Kisha Bi Margaret akanionyesha kwa mkono. Anti aombe.

Nilisimama. Kichwani nilikuwa na maombi ya Kiswahili, mafupi, ya kuficha. Nikamwona Rebeka anasogea begani kwangu, tayari kutafsiri. Nikaona hapana. Nikafungua kinywa kikatoka Kisukuma.

Rebeka ana miaka mingi Shinyanga lakini Kisukuma chake ni cha sokoni, bei na salamu. Nikaenda mahali asipoweza kunifuata. Nilimwambia Mungu yote. Kisha nikamwambia Doto. Nimekuja, baba. Nimeona walipokuweka. Upepo mwingi lakini hakuna giza, na unaona mbali. Mayu wako ni mimi. Kulwa anakusalimu, hajui kama anakusalimu. Nilimwambia nilikosea kusema angeharakisha kutoka. Angekawia. Angekawia popote alipotaka.

Nilipomaliza wote walimtazama Rebeka awatafsirie. Alifungua kinywa. Akasema neno moja tu, nao wote wakaitikia Amina.

Nilipata kitu changu kimoja kisichopita kwake.

Jumatatu, 15 Septemba

Tulikuwa mezani asubuhi. Bi Margaret na mimi, Rebeka kwenye sinki anaosha. Simu yangu ikaita, katikati ya jamu na birika. Kulwa. Video.

Rebeka akageuka. Akanitikisia kichwa polepole: usipokee. Kama asingetikisa kichwa, labda nisingepokea.

"Mwangaluka, mayu. Mbona hupokei, umeshakuwa Mzungu? Tukuitie mkalimani?" Nyuma yake bodaboda za Katoro zilikuwa zinanguruma, mtu anamdai nati kwenye kaunta ya duka lake la vipuri. Niligeuza simu nikamwelekezea Bi Margaret.

Kikombe chake kikabaki hewani. Alitazama simu. Alitazama rafu ya sebuleni, kupitia mlango. Alitazama simu. Rangi ilimtoka nikaogopa ataanguka.

Kulwa naye alipoona bibi wa Kizungu akakaa sawa, akatoa Kiingereza chake chote cha kidato cha nne. Alitaja jina lake. Alimshukuru kwa kumtunza mama yake. Hayo niliyaelewa. Bi Margaret akauliza kitu, sauti haina nguvu, ndani yake nikasikia Doto. Kulwa akainua vidole viwili, akavibana pamoja. Akakunja kimoja.

Bi Margaret alimgeukia Rebeka. Akamwuliza swali fupi. Kwa mara ya kwanza tangu tufike Rebeka hakunitafsiria. Alijibu neno moja, akapanda ngazi na kitambaa cha vyombo mkononi.

Kulwa ananiuliza, "Mayu, nimekosea kitu? Bibi analia."

Nikamwambia hapana, baba, umesalimia vizuri.

Bwana, sijui kama nilichofanya ni kusema kweli au kulipa kisasi. Mkono wangu ulioshika simu haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linanitisha.

Jumanne, 16 Septemba

Kutwa nyumba imenyamaza. Rebeka hajashuka kula.

Jioni Bi Margaret akanivalisha koti lake, akanishika mkono, tukapanda. Wazee wawili wa magoti mabovu, tunasimama kila kona. Tukakaa kwenye benchi. Hatuna lugha. Alikuwa amebeba picha ya Doto na fremu yake, akaiweka mapajani kwangu. Akaweka kiganja juu ya kibao, akafunika mstari wa chini. Alikiacha pale muda mrefu.

Huyu naye ameibiwa. Miaka yote alilia na mtu, akidhani mzigo ni mmoja. Sikuwa nimemfikiria. Nilidhani katika nyumba ile aliyeibiwa ni mimi peke yangu.

Nikamrudishia picha. Nikamwonyesha upande wa nyumbani kwake, rafu, mwanawe. Vidole viwili pamoja, kama Kulwa. Akaelewa. Doto ninaye kwenye picha nyingine. Hii ikae na mwenzake, asiogope giza.

Tulishuka bila haraka. Lango la ngome lilikuwa limejaa wale kunguru.

Alhamisi, 18 Septemba. Safarini

Rebeka aliomba kiti cha mbali nami kwenye ndege. Mwanza alipanda basi akakaa mbele, mimi nyuma. Njia nzima nilitazama kisogo chake. Nakijua kisogo hicho. Nilikisuka nywele wiki ya msiba, mikono ikitafuta kazi.

Sijasikia huruma. Nimesubiri ije. Haijaja.

Ijumaa, 19 Septemba. Shinyanga

Baba Kulwa ameuliza jiwe lake. Nikamwambia sikuleta jiwe, kuna benchi. Nikamweleza lote, na la Rebeka.

Alikwenda zizini, akakaa huko mpaka nikadhani hatarudi. Akarudi akaniuliza, "Linatazama wapi?"

"Linatazama mashamba. Chini sana."

"Kuna ng'ombe?"

"Kuna kondoo."

"Si haba," akasema. Akanawa mikono, akala.

Jumapili, 21 Septemba

Rebeka hakuja kanisani. Nilikaa peke yangu kwenye benchi letu, la tatu kutoka mbele, upande wa dirisha. Miaka yote tumekaa pale, yeye dirishani kwa ajili ya hewa, mimi njiani kwa ajili ya goti. Mchungaji aliuliza safari ilikuwaje mbele ya watu wote. Nikasema kuna baridi, na watu wake wana upendo. Vyote ni kweli.

Mama Eliza akaninong'oneza, "Mwalimu vipi?" Nikasema uchovu. Sijui nimemsitiri yeye au nimejisitiri mimi, nisionekane niliyefanywa mjinga miaka yote.

Jumamosi, 27 Septemba

Mwadila, Bwana wangu. Jua limeshaanza kulegea. Leo nimeanika michembe mingine, viazi vya mwisho, vidogo. Goti limetulia.

Kulwa alikuja kutoka Katoro. Nilimwambia uso kwa uso, siyo kwa simu. Aliinama chini. Kisha akasema, "Kwa hiyo huko kuna watu wanakaa naye." Ndiyo, watu wanakaa naye.

Kwenye simu yake ana ujumbe wa Bi Margaret, aliyenakili namba yake kwangu kabla hatujaondoka. Picha ya benchi. Kibao hakipo, yamebaki matundu ya skrubu. Nikaona maneno ya Rebeka yametimia, nimemfukua. Kulwa akanisomea: ametoa ili atengeneze kingine, anauliza aandike nini.

Tulikaa na swali hilo mpaka chai ikapoa. Kulwa alitaka jina langu liwekwe kubwa. Nimekataa. Nikiweka langu palepale lilipofutwa la mwenzangu, ni kama bado tunavutana mtoto mkono huku na mkono kule. Nimemwambia amjibu: Doto, pacha wa Kulwa. Basi. Aliyemzaa anajijua. Na aliyemlilia pasipo haki naye anajijua.

Kulwa alisoma kwa sauti jina lake likiwa pale, akageuza uso ukutani.

Ujumbe mwingine uliingia kwenye simu yangu mchana. Wa Rebeka. Maneno mawili: Kesho nakuja.

Hakuomba msamaha. Labda ataomba. Labda atakaa nyuma ya kanisa na wageni. Lakini namjua, atakuja moja kwa moja mpaka benchi la tatu, atasimama hapo ameshika vitabu vyake, na kufika dirishani ni lazima mimi nivute miguu apite. Watu wote watakuwa wanaangalia. Nimesema siku hizi huruma haijaja. Bado haijaja. Ila nimeona leo wakati naanika viazi kwamba nimetenga fungu lake, kama kawaida, bila kufikiri. Nimelitazama fungu hilo. Sikulirudisha kwenye mengine, wala sijalifunga.

Sijui kama nitasogeza miguu. Niambie Wewe. Sitaki ndoto, sitaki ishara, niambie tu kama unavyomwambia mtu wako. Na tafadhali, Bwana wangu, usikawie. Nijibu mapema, kabla ya kengele.